Farasi anayekataa lijamu: kabla hujamuita mkaidi, mfungue mdomo uangalie

Kila klipu ya farasi ikirushwa kwenye magrupu ya huku Arusha, iwe ya bwana harusi, ya watalii kule Usa River au ya wale farasi wa polisi kwenye gwaride, haziishi dakika tano watu washagawanyika. Hawa wanasema jamani wanamtesa, si mnaona chuma mdomoni, si mnaona povu. Wale wanasema huyo mkorofi tu, kaza hatamu atanyooka. Alafu anatokea mmoja anauliza swali ambalo kwa maoni yangu ndio la maana kuliko yote: mbona punda anapandisha madumu ya maji kila siku na hana chuma chochote mdomoni?

Watu kuchanganyikiwa hapa siwalaumu. Farasi hajawahi kuwa mnyama wa kila siku kwetu. Mbung'o wanamuua, na kuna ule ugonjwa wa farasi wa Kiafrika unaoenezwa na usubi, ukimkuta farasi ambaye hana chanjo mara nyingi hasalimiki, kwa hiyo waliopo wako kwenye mashamba na lodji chache, Usa River, Machame, Siha huko, wanatunzwa na masaisi, yaani watunza farasi, wanaojua kazi, na sisi wengine tunawaona kwa mbali tunapita na Noah. Ndio maana stori za vijiweni zimejaa. Ngoja tuzifumue taratibu.

Kwanza majina, maana hata hapa watu wanachanganya. Lijamu ni kile kipande cha chuma chenyewe kinachokaa ndani ya mdomo, wengi tumelisikia kanisani tu. Hatamu ni mikanda miwili inayotoka kwenye pete za lijamu, kulia na kushoto, hiyo ndio mpandaji anaishika mkononi. Na ile mikanda mingine inayozunguka kichwa, inayopita nyuma ya masikio na kushuka mashavuni, kazi yake ni kulishikilia lijamu lisidondoke, hapa nitaiita mikanda ya kichwani. Hii ya mwisho ikumbuke, itarudi.

Sasa swali ambalo kila mtu anajiuliza hata kama hasemi: hicho chuma kinakaa juu ya meno? Hapana. Farasi mbele ana meno 12 ya kukatia nyasi, sita juu na sita chini, kule nyuma kabisa ana magego ya kusagia, na katikati kuna pengo refu, ufizi mtupu. Dume huwa na chonge zimeota mbele mbele ya hilo pengo, jike mara nyingi hana, au anazo ndogo sana. Lijamu linakaa kwenye pengo, juu ya ulimi. Farasi akiwa ametulia halimgongi jino hata moja. Lakini msikimbilie kushangilia, kwa sababu ufizi wa hapo ni ngozi nyembamba imekaa juu ya mfupa wa taya uliochongoka, na ukivuta hatamu kwa nguvu chuma kinaubana ulimi na kuugandamiza ule ufizi kwenye mfupa. Kwa hiyo wale wanaosema linaweza kuumiza hawajakosea. Wanachokosea ni kudhani linaumiza muda wote, hata hatamu ikiwa imelegea.

Na hapo ndio unaelewa kwa nini "kaza hatamu" ni ushauri wa hovyo. Farasi mzima ana kilo 400, 500 hivi. Hakuna binadamu wa kumshika huyo kwa mikono. Akiumia anafanya alichozaliwa nacho, anakimbia, na kadiri unavyovuta ndio anavyozidi kukimbia kile kinachomuuma, ambacho kiko mdomoni mwake na kinaenda naye kila anakoenda. Lijamu halikutengenezwa limzuie kwa nguvu. Ni la kupeleka ujumbe mdogo, bana kidole, legeza, basi.

Punda sasa. Punda wa madumu anapita njia anayoijua, anatembea kwa mguu, mwenyewe yuko nyuma na fimbo. Hakuna aliyekaa mgongoni anataka akate kona wakati wanakimbia. Kazi tofauti, vifaa tofauti. Na kusema ukweli farasi pia anapandwa bila lijamu, ipo mikanda inayofanya kazi puani tu, na kuna watu wanaipenda kweli. Ila usidanganyike kwamba bila chuma moja kwa moja ni upole. Mfupa wa pua wa farasi unazidi kuwa mwembamba kadiri unavyoshuka, mkanda ukifungwa chini sana na mkono ukiwa mzito unamuumiza vile vile, na unambana pumzi, maana farasi hapumui kwa mdomo kama sisi, anategemea pua tu.

Lile povu nalo tulimalize haraka. Povu kidogo jeupe midomoni ni mate, farasi anatafunatafuna lijamu, mate yanatoka, yanachanganyika na hewa. Sio kichaa na sio kwamba amechoka anakata roho. La kukutia wasiwasi ni mdomo uliopanuka muda wote, ulimi unaning'inia nje, kichwa kinarushwa juu, mkia unapigwa pigwa. Hapo kuna shida.

Haya tuje kwenye jambo lenyewe. Farasi anaona lijamu linakuja, anainua kichwa mpaka saisi hafiki, au anabana meno, au anageuka kabisa anakupa makalio. Wengi wanaita ukaidi. Mimi naamini, na ukiwauliza watu waliokaa na farasi miaka mingi watakwambia hivyo hivyo, kwamba farasi wa kukataa bure bure ni nadra sana. Anakwambia mojawapo kati ya mambo mawili: panauma, au nakumbuka palivyouma. Kazi yako ni kujua ni lipi kati ya hayo, kwa sababu dawa zake ni tofauti, na ukianza mafunzo kwa mnyama ambaye bado anaumwa utakuwa unamfundisha tu kwamba maumivu hayana mwisho.

Kwa hiyo unaanza na daktari wa mifugo, sio na trena. Taya la juu la farasi ni pana kuliko la chini, na meno yake yanaendelea kusogea nje maisha yake yote, milimita 2 mpaka 3 kwa mwaka, huku yakisagika. Hayasagiki sawa. Kingo za nje za magego ya juu zinabaki na ncha kali zinakata mashavu kwa ndani, kingo za ndani za magego ya chini zinakata ulimi. Farasi anayekula nyasi kutwa anasaga vizuri zaidi, anayelishwa pumba nyingi na nyasi kidogo, ambalo ndio kosa la kawaida la mtu aliyezoea kufuga ng'ombe wa ndani, ncha zinakuja haraka. Ukimvalisha lijamu na mikanda, shavu linasukumwa kwenye hizo ncha. Wewe ungefungua mdomo? Tiba yake ni tupa refu maalum, daktari anasawazisha, na ukaguzi angalau mara moja kwa mwaka. Ila sio kila daktari aliyezoea ng'ombe na mbuzi ana hilo tupa, ulizia kwenye mashamba yenye farasi wanamtumia nani.

Alafu kuna vile vijino vidogo vinavyoota mbele kabisa ya magego, mara nyingi taya la juu, sio kila farasi anavyo. Vinatokea akiwa bado mdogo, hajafika hata mwaka na nusu, havina kazi yoyote, lakini vimekaa jirani kabisa na lijamu linapopita. Likivigonga inauma. Daktari anampa dawa ya kumtuliza anaving'oa, hadithi inaisha. Na kingine ambacho watu wanasahau kabisa, farasi anang'oa meno ya utoto kati ya umri wa miaka 2 na nusu na 4 na nusu, yaani umri ule ule ambao ndio anaanza kufundishwa. Mnyama aliyekuwa anapokea lijamu vizuri mwezi uliopita leo anakataa, watu wanasema ameota pembe, kumbe ana gego linalegea. Msubiri kidogo, angalia tena.

Dalili ambazo unaweza kuziona mwenyewe bila daktari: anatema mabonge ya majani aliyoyatafuna nusu, anakula akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, harufu mbaya mdomoni, punje nzima kwenye kinyesi, anakonda wakati chakula kipo.

Na masikio. Hapa ndio nilisema mikanda ya kichwani itarudi. Farasi wengi wanaoitwa "wamekataa lijamu" hawana ugomvi na lijamu hata kidogo, wanakataa ule mkanda unaovutwa juu ya masikio. Kupe wa huku kwetu wanapenda sana kujificha ndani ya sikio, panakuwa na kidonda, alafu mtu anakuja analikunja sikio aliingize kwenye mkanda kwa haraka haraka. Au aliwahi kushikwa sikio kwa nguvu na mtu aliyeambiwa ndio njia ya kumtuliza farasi, ushauri wa kishenzi sana huo, unamtuliza siku hiyo moja na unanunua matatizo ya miaka. Kipimo ni rahisi: fungua kifungio cha mkanda wa shavuni, pitisha mkanda nyuma ya masikio kwanza kwa kuuzungusha bila kuyakunja, ndio ulete lijamu. Akilipokea bila shida umeshapata jibu.

Ukishajiridhisha kwamba hapaumi tena, inabaki kumbukumbu. Na kumbukumbu haitolewi kwa maneno wala kwa kiboko. Farasi anajifunza kwa presha na kuachiwa. Unaweka presha ndogo, anafanya kitu sahihi, unaiondoa pale pale, na ni ile kuondoka ndio inamwambia alichofanya kilikuwa sawa. Fikiria kile kidude cha LUKU, mita ya umeme, ukutani kinavyolia unit zikikaribia kuisha, ti ti ti, kero tupu, hakikuumizi lakini hukai kwa amani mpaka uingize token, ukiingiza tu kimya. Kingeendelea kulia hata baada ya kuingiza ungejifunza nini? Ungekivunja. Sasa saisi anayemsukumia farasi lijamu, farasi anafungua mdomo, na yeye bado anasukuma, anafanya hivyo hivyo.

Kitu kingine cha kujua kabla hujamsogelea, farasi ana macho pembeni ya kichwa, anaona karibu duara lote, ila kuna sehemu mbili haoni, nyuma ya mkia wake na pale chini ya pua yake mwenyewe. Lijamu linakuja kwenye sehemu asiyoiona. Anategemea midomo na zile ndevu ndefu za puani kujua ni nini hiki kimefika, ndio maana kuzinyoa ili apendeze kwenye picha sio jambo zuri, na shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilipiga marufuku kuzinyoa kwa farasi wa mashindano tangu 2021. Mpe muda anuse. Sekunde chache tu.

Sasa angalia saisi mzuri anavyofanya na jike aliyeharibiwa na watu wa kwanza. Hana lijamu mkononi kabisa. Amesimama ubavuni, kushoto, bega lake jirani na shingo ya farasi, wote wawili wanaangalia upande mmoja. Mkono wa kulia ameuweka juu ya shingo nyuma ya masikio, hajashika, ameulaza tu, anagandamiza kidogo sana, na yule jike akishusha kichwa hata kwa upana wa vidole viwili mkono unainuka. Tena. Tena. Baada ya muda kichwa kiko usawa wa kifua cha saisi na hakuna aliyekivuta. Ndipo anateleza kidole gumba cha kushoto kwenye kona ya mdomo, pale kwenye pengo ambapo hakuna jino la kumng'ata, anaugusa ulimi kwa juu. Ulimi unacheza, taya linalegea, mdomo unafunguka, na kidole kimeshatoka kabla hata hujaona vizuri kilivyoingia. Anamkuna shingoni. Anaondoka zake kwenda kufanya kazi nyingine, somo limekwisha kwa asubuhi hiyo, na mtu anayemtazama kutoka kwenye uzio anajiuliza mbona hajafanya kitu.

Siku zinazofuata ni hivyo hivyo kwa vipande vidogo. Kwanza kamba laini ya pamba inapita mdomoni na kutoka. Baadae lijamu lenyewe, bila mikanda, limelala kwenye kiganja. Mwezi wa saba huku chini ya Meru asubuhi chuma kina baridi la kukata, likumbatie kwapani kwanza au litumbukize kwenye maji ya uvuguvugu, jambo dogo hilo lakini farasi analikumbuka. Ukitaka paka molasi kidogo, Moshi na kiwanda cha sukari cha TPC hapo haikosekani, wafugaji wanayo kila mahali. Molasi inasaidia lijamu liwe na habari njema, haitibu jino bovu, na ukishamaliza lioshe, la sivyo kesho utalikuta limejaa sisimizi na nyuki wanakuzungukia wewe na farasi wako. Mdomo ukifunguka, lijamu unaliinua juu kwa mkono uliopo kichwani, huligongi mbele kwenye meno kumlazimisha afungue. Ukimgonga meno mara moja umerudi mwanzo.

Saizi nayo. Lijamu likiwa fupi kuliko upana wa mdomo linabana kona za midomo, likizidi urefu linaning'inia na kuhama huku na huku, kiasi cha nusu sentimita kila upande ndio inayotakiwa, na kona ya mdomo ikunje mkunjo mmoja au miwili. Watu wanapenda kusema nene ndio pole, jembamba ndio kali. Kwa presha ni kweli, ila farasi mwenye mdomo mdogo na ulimi mnene hana pa kuliweka hilo nene. Na lile lenye mikono mirefu na mnyororo chini ya kidevu, ambalo linaongeza nguvu ya mkono wako mara kadhaa, sio la farasi anayefundishwa na sio la mpandaji anayejifunza. Duka likikwambia farasi wako anakimbia nunua kali zaidi, toka hilo duka.

Kuna wanaomwacha farasi na lijamu usiku kucha bandani ili "alizoee". Pete inanasa kwenye msumari, anashtuka, anajivuta, anapasua ulimi. Usifanye. Na kumnyima chakula ili awe mnyonge, hilo sina hata la kulisema.

Hatamu hazifungwi kwanza. Avae, atembee akiongozwa kwa kamba yake ya kawaida, atafune tafune, avuliwe. Mdogo ambaye hajawahi kuumizwa anaweza akawa sawa ndani ya siku chache, aliyeharibiwa anaweza kuchukua miezi, na hakuna ujanja wa kuifupisha.

Nimeacha mwisho sehemu ambayo karibu kila mtu anaiharibu, kuvua. Watu wanatumia nusu saa kumvalisha kwa upole, alafu safari ikiisha wamechoka, wanataka chai, wanafungua vifungio na kuvuta mikanda yote mbele kwa mpigo. Farasi bado hajafungua mdomo. Chuma kinagonga meno ya mbele kikitoka, wakati mwingine kinanasa kwenye chonge, anarusha kichwa juu kwa kushtuka, kinagonga tena. Kwa hesabu yake yeye lijamu ni kile kitu kinachokupiga meno mwishoni. Kesho akiliona anainua kichwa, na wewe unashangaa maana ulimvalisha vizuri sana jana. Namna yake ni kushusha mikanda taratibu mpaka ipite masikio, alafu unasimama, mkono haujavuta, unamsubiri mwenyewe autoe ulimi na kulitema lijamu lishukie kwenye kiganja chako. Inachukua muda wa kupumua mara mbili tatu hivi.

Kwa hiyo kama unaenda kununua farasi, au unataka kujua kama sehemu inayokodisha farasi kwa watalii inawajali, usiombe wakuonyeshe wanavyomvalisha, hapo kila mtu anakuwa mstaarabu mbele ya mteja. Omba wamvue mbele yako, alafu muangalie kichwa.